Flopi ya Pili

Duka la Uchapaji,
Mlango wa pili kutoka posta.
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Kiroboto,

Pokea salamu za mjomba wako, nyingi kuliko karatasi hii. Hujambo? Baridi ya huko umeizoea, au bado unalala na soksi? Na kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekwisha? Sisi huku tu wazima. Mimi ni goti tu linalonisumbua nikipanda ngazi, na mama mdogo wako anasema si goti, ni uvivu.

Mama yako anaendelea vizuri. Uso umeanza kurudi mahali pake, na uji anakunywa mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Upande wa kulia bado haujaamka, na ulimi bado umegoma. Lakini anasikia kila kitu, usidanganywe na mtu. Juzi mama mdogo alisema mlangoni kwamba mgonjwa amekuwa mzito siku hizi, mgonjwa akamtupia kijiko.

Sasa nikujibu lile uliloniuliza kwenye simu, maana siku ile nilibabaika nikasingizia laini mbovu. Laini ilikuwa nzima. Uliuliza kama mama yako bado amekukasirikia, kwa yale maneno mliyorushiana jikoni asubuhi ya safari yako, na kwa vile hakuja stendi kukuaga. Sikuwa na jibu la kukupa kwa mdomo wangu. Jibu lake liko kwenye kompyuta yangu, na kompyuta yangu imekataa kuwaka.

Ngoja nikueleze. Kwa miaka yote sita tangu uondoke, mama yako alikuwa anakuja dukani Jumamosi moja kila baada ya miezi miwili. Anakaa kwenye kigoda cha wateja, mkoba magotini, ananiambia, "Andika." Ni barua zako hizo. Nikimaliza namsomea, anabadilisha neno moja au mawili, kisha anasema, "Iweke. Siku ya kutuma nitakwambia." Siku yenyewe haikufika. Kuna mara nilimtishia kwamba nitazituma kwa siri, akanitazama lile jicho unalolijua, nikafyata mkia.

Utasema, mjomba, si ulizichapa wewe, nieleze tu. Mama, nina miaka ishirini na miwili nachapa mambo ya watu: maombi ya kazi, mialiko, mashtaka. Vidole vyangu viwili husikia, kichwa kiko kwingine. Nakumbuka vipande vipande tu, na vipande vya maneno ya mama yako sithubutu kukuletea. Naweza kuviunga vibaya nikawagombanisha upya.

Kilichonitia kiwewe ni hiki. Jumatano iliyopita nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake. Akautoa mkono wa kushoto, akaanza kugonga shuka kwa kidole kimoja, kisha kingine, kama ninavyochapa mimi. Nikamuuliza, "Barua?" Akafumba macho, akayafumbua. Nikamuuliza, "Nizitume?" Akagonga tena, safari hii kwa nguvu. Nilitoka mbio mpaka dukani, goti nimelisahau. Nikabonyeza kitufe. Skrini ikabaki nyeusi, na juu yake mstari mmoja mweupe unaosema kompyuta haioni pa kuanzia.

Tangu siku hiyo, kila nikiingia chumbani kwake ananitazama mikono. Mikono mitupu. Nami najifanya kuzungumzia mvua.

Nikakumbuka zile flopi tatu ulizonitengenezea kabla ya kuondoka, za kuiamshia kompyuta ikizirai. Ulizibandika vikaratasi, ukaandika kwa kalamu nyekundu moja, mbili, tatu, ukaniapisha nisizichezee. Zilikuwepo kwenye kopo la biskuti, pamoja na vifungo na riboni kuukuu. Nikachomeka ya kwanza. Taa ikawaka, mashine ikakoroma vizuri kabisa, ikaniambia niweke ya pili. Nikaweka ya pili. Ikanung'unika kidogo, ikasema hii siyo. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Hii siyo. Leo peke yake nimeirudisha mara kumi na nne. Nakuandikia hapa hapa mbele yake, peni mkono huu, flopi mkono huu. Naandika mstari, nainuka, nakaa, nainuka tena. Hilo jina la Kiroboto naona nimelirithi mimi.

Fundi redio wa jirani alikuja kusaidia bila kuitwa. Alifungua mashine, akapuliza vumbi kwa mdomo, akapiga chafya humo ndani, akafunga. Akasema tatizo ni umeme. Kwake yeye kila kitu ni umeme, hata ndoa yake ilipovunjika alisema hivyo hivyo.

Naogopa, mama. Daktari anasema kiharusi hupenda kurudi. Naogopa kisije kikarudi kabla sijaingia chumbani kwake na kitu mkononi.

Jumanne.

Jana sikumaliza. Nilipandwa na hasira, nikafunga duka saa tisa mchana na wateja wamesimama mlangoni, wakabaki wananishangaa.

Leo asubuhi nimechukua flopi ya pili nikaenda nayo kwa sekretari wa shule, yule aliyekufundisha kuchapa kwa vidole kumi, mimi nikamshinda. Nilitaka aniambie tu kama flopi imekufa, nikuombe nyingine. Akaichomeka kwenye mashine yake, akasogeza uso karibu na skrini.

"Mzee, umesema hii ni ya kuwashia?"

Nikasema ndiyo.

"Mbona imejaa barua?"

Kiroboto, nilitafuta kiti. Orodha ilikuwa inashuka kwenye skrini: DADA 1, DADA 2, DADA 3, mpaka DADA 26. Ndivyo nilivyokuwa nazipa jina, maana kwangu yeye ni dada.

Hapo ndipo kumbukumbu ikanirudia. Mwaka juzi umeme ulikatika mama yako akiwa katikati ya barua, ikapotea yote. Nilisemwa siku ile nikasemeka. Akaapa hainuki kwenye kigoda mpaka barua zake zinakiliwe na mahali pengine, nje ya hilo sanduku langu. Sikuwa na flopi tupu. Nikachokora kwenye kopo, nikapata moja isiyo na karatasi. Kompyuta ikasema imejaa, nifute vilivyomo? Nikafuta. Nilitaka ainuke tu, watu walikuwa wananisubiri. Miezi baadaye nikaikuta karatasi yako namba mbili chini ya kopo, imebanduka kwa joto, nikaipaka gundi na kuibandika kwenye flopi pekee iliyokuwa uchi. Nakumbuka nilijiona mtu makini sana.

Kwa hiyo flopi yako niliiua mimi, na ubishi wa mama yako ndio umeniokoa. Zilizoandikwa baada ya siku ile bado zimo ndani ya mashine iliyolala, na sijui kama zitatoka. Hizi ishirini na sita sekretari amenichapishia zote, nikazibeba mpaka kwa mama yako zikiwa bado na joto la printa.

Safari hii aliponitazama mikono, aliona kitu. Sikujua kama machozi yanaweza kushuka upande mmoja tu wa uso. Nilimsomea mwanzo wa kila barua, naye akawa ananipungia niendelee, niendelee, mpaka nikafika ya tisa, fupi kuliko zote. Hiyo akaninyang'anya. Akaikunja kwa mkono mmoja juu ya paja, kazi iliyomchukua muda, na mama mdogo akajifanya anatafuta kitu uvunguni. Kisha akanirudishia na kuigonga kwa kidole: hii kwanza.

Zote zimo kwenye bahasha hii, na hiyo ya tisa ndiyo iliyokunjwa vibaya. Nainakili na hapa, bahasha isije ikachanika njiani:

"Mwanangu. Ulidhani sikuja stendi. Nilikuja. Nilisimama nyuma ya kibanda cha tiketi mpaka basi likaondoka. Nilikuwa bado nina hasira, ndiyo maana sikujitokeza. Ulivaa ile sweta ya kijani, umeivaa nje ndani, lebo inaonekana shingoni. Nilitaka kukuita uigeuze, nikajibanza zaidi. Hasira zilikwisha kabla sijafika nyumbani. Ile lebo ndiyo haijaisha. Kuna mtu alikwambia huko njiani?"

Sasa umejibiwa na mwenyewe.

Mama mdogo wako anakusalimu, anasema ule vizuri. Sekretari wa shule anakusalimu na anakusifu, mimi hanisifu. Fundi redio naye anakusalimu, anauliza kama huko umeme ni mzuri. Wasalimie wote wanaokutunza huko. Mungu akufungulie njia na akuweke mkononi mwake mpaka tuonane.

Flopi nyingine usiitume kwa posta. Njoo nayo. Nikiwa nafunga barua hii nimemuuliza mama yako kama niongeze neno lake lolote. Ameshika ukosi wa gauni lake, akaugeuza nje ndani, kisha akasogea kidogo na kupapasa kitanda pale kando yake.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kwa vidole vyangu vyote viwili.