Sikio la Chiriku

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya pili kazini. Kituo cha watoto wenye usonji — nilidhani nitacheza nao tu. Kumbe! Nimepewa Chiriku, msichana wa miaka sita. Hana maneno, ila huimbaimba puani kutwa, ndiyo maana mama yake kampa jina hilo. Kazi yangu: akae, anitazame machoni, mikono itulie mapajani. Akipeperusha mikono, naishusha. Akitii, zabibu kavu moja. Leo amepata kumi na nane. Msimamizi kanisifu mbele ya wenzangu. Nilifurahi, nisijidanganye.

Jumatano, 5 Machi
Haimbi. Anajipiga sikio la kushoto kwa ngumi, analia. Nikamwuliza msimamizi: dada, labda anaumwa? Akasema anatafuta kudekezwa, nikimbembeleza nitakuwa nimemfundisha kulia. Nitazame ukuta. Nikautazama. Dakika arobaini! Nimeiandika kwenye fomu ya siku: anajipiga sikio. Kuna ufa unaoanzia kwenye swichi — naujua wote sasa.

Ijumaa, 7 Machi
Hajajipiga. Amekaa, mikono mapajani, machozi yanashuka bila sauti. Msimamizi akapiga makofi, eti umeona, imekubali! Nikajaza fomu: tabia imekoma.

Jumatatu, 10 Machi
Chiriku hakuja. Mama yake kapiga simu mapokezi: usaha umemtoka sikioni, ngoma ya sikio imetoboka. Daktari anasema mtoto ameumia siku nyingi, mbona hakulia? Mama kamjibu kwamba nyumbani walimwona katulia, wakashukuru tiba inafanya kazi.

Saa ya chakula nikaenda stoo.

Fundi wa kompyuta alinikuta huko nimekaa juu ya maboksi. Mwenyewe ana usonji, hafichi. Nikamweleza. Hakunitazama, alikuwa anakunja waya. Akasema na yeye alifundishwa hivyohivyo utotoni. Mpaka leo akiumwa anatabasamu kwanza, halafu ndiyo anagundua anaumwa.

Nilitaka anilaumu. Akamaliza waya wake, akaondoka.

Jumanne, 11 Machi
Mama mtu amekuja, na Chiriku mgongoni, pamba sikioni. Anataka fomu zote. Kabla hajaingia, msimamizi alinivuta kando: niseme fomu ya Jumatano haionekani, na kwamba sikumwona mtoto akigusa sikio. Mdogo wangu, tusiharibiane kazi.

Nilitegemea mama angefoka. Wala. Akanigeukia taratibu: “Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwa naye. Mwanangu hakukuonyesha?”

Nikasema naomba dakika moja. Dakika yenyewe ndiyo hii — nimejifungia chooni, daftari gotini.

Alinionyesha. Alinionyesha kwa kila alichokuwa nacho.

Msimamizi anagonga. Kwa upole kabisa: mdogo wangu, kumbuka tulivyoongea. Nyuma yake namsikia mama akimwambia aniache nitoke mwenyewe.

Daftari natoka nalo, lina Jumatano yote. Nashika kitasa —