Siku Uliyotuamuru Tule

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini hukunilea nianze mazungumzo na mkubwa bila salamu, kwa hiyo ipokee hivyo hivyo.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya majeruhi, hospitalini hapa Kigoma mjini. Usishtuke, mgonjwa si Mama. Mama yupo, ana nguvu zake, na bado anabishana na kila anayemuuzia samaki wa migebuka. Mgonjwa ni Yona, mume wangu. Juzi alikuwa anatoka Kasulu na pikipiki, akafika Kidahwe, lori likamsukuma nje ya barabara. Mguu wa kulia ulivunjika vibaya na alipoteza damu nyingi kabla hajafikishwa hapa. Hali yake nitakueleza. Kwanza nataka tukumbushane ile siku ya Mama, maana tangu juzi siwazi kitu kingine.

Wewe na kufunga, Baba! Ulikuwa fundi wa boti na mzee wa kanisa pale Bangwe, na kwa kila jambo ulikuwa na mfungo wake. Mvua ikichelewa, tufunge. Dagaa wakipotea ziwani, tufunge. Mchungaji alikuwa anakutania kwamba ukikabidhiwa ufunguo wa jiko la kanisa utautupa ziwani. Ulicheka, lakini kwenye mfungo hukuwa na mzaha. Ulitufundisha kwamba ukifungua kabla ya muda uliomwahidi Mungu, umemwita mgeni halafu umemfungia mlango. Mimi niliamini hivyo tangu utotoni, hata sikujua kwamba kuna Wakristo wasioamini hivyo.

Mama alipoambiwa uvimbe wa tumboni lazima utolewe, ukasimama madhabahuni ukatangaza mfungo. Bila chakula, bila maji, asubuhi hadi jua linapozama, kila siku mpaka atoke chumba cha upasuaji. Kanisa zima likasema amina. Lakini tarehe ya upasuaji haikungojewa. Asubuhi moja Mama alianguka uani akivuja damu, tukamkimbiza hospitali akiwa hajui hata yuko wapi.

Daktari alisema anafanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo na kwamba damu inahitajika. Ukapiga simu kanisani. Haukupita muda wakaja kutoka Bangwe, kwaya na wazee, wamevaa vitenge vya sare, wanaimba kutoka getini. Nilijivunia watu wetu. Dada wa maabara akatoka akauliza wachangiaji ni nani, mikono yote ikaenda juu.

"Mmekula nini leo?"

Kiongozi wa kwaya akajibu kwa furaha, kana kwamba anatoa habari njema. "Tumefunga, dada. Hata maji hatujagusa."

Yule dada akatutazama mmoja mmoja. "Mungu awabariki, ila siwezi kuwatoa damu. Mtaniangukia hapa, niwe na wagonjwa wengi kuliko niliowakuta. Kuna akiba kidogo, tumeanza nayo. Haitatosha."

Aliyesogea mbele ni Mama Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuja na sisi kwenye gari akiwa amemshika Mama kichwa. "Mimi si wa kanisa lao," alisema. "Nimekula ugali wa muhogo na maharage, nimeshiba. Nianze mimi." Akageuka kwako. "Mzee, nyie endeleeni kuomba. Mimi natangulia."

Wewe ukatoka nje. Nilikufuata mpaka pale uzioni wanapouza chakula akina mama ntilie. Ulikuwa umevua kofia, unaizungusha mikononi. Nikakuuliza, "Baba, wafungue?"

"Nimeahidi mbele ya madhabahu," ukasema. "Nikivunja, halafu mama yako akafa, nitajiambia nini?"

Nilikuwa nimekuona ukiwa na hasira, ukiwa na homa, ukiwa huna kazi, lakini sikuwahi kukuona unaogopa. Mama alikuwa ndani anaishiwa damu, na wewe ulikuwa unaogopa kwamba tonge moja litamuua. Nakwambia leo, nami niliogopa hivyo hivyo. Nilitaka uamue, na nilitaka usiamue.

Ukasema "Imana," yaani Mungu, neno hilo moja tu, kwa Kiha chako cha kwa bibi. Kisha ukamwambia mama ntilie, "Tupakulie wote."

Watu wakaja, wakakaa kwenye mabenchi, sahani zikawekwa, na hakuna aliyethubutu kuanza. Wote walikuwa wanakutazama wewe. Ukakata tonge, ukachovya kwenye mchuzi wa mawese, ukaomba ukiwa umefumbua macho: "Bwana, tulifunga kwa ajili yake, na sasa tunafungua kwa ajili yake. Amina. Kuleni." Ukalimeza lile tonge kama mtu anayemeza dawa ya minyoo. Machozi yakakutoka, ukasema ni pilipili. Baba, mchuzi ule haukuwa na pilipili.

Mkapumzika kidogo, mkaingia mmoja mmoja. Kiongozi wa kwaya alitoka akiuliza kama na yeye atapewa soda. Mama akafanyiwa upasuaji, akapona. Alipopata fahamu na kusimuliwa yote alisema, "Kumbe mlikuja hospitali kula," akacheka huku ameshika mshono, nesi akaja kumkanya.

Sijui kama ulitambua ulichokianzisha. Tangu siku ile, mtu wetu akiwa anakwenda kupasuliwa, kanisa linagawanyika pande mbili. Wapo wanaofunga na wapo wanaokula. Wanaokula wanaitwa kikosi cha Mzee, na nikwambie ukweli, upande huo haujawahi kukosa watu wa kujitolea.

Ulipopata kiharusi, kikosi chako kilikuja kimeshiba. Kikarudi bila kutoa hata tone, maana ugonjwa wako haukuhitaji damu. Upande wa pili walifunga mpaka midomo ikakauka. Ukaenda. Nilimkasirikia Mungu, Baba. Kanisani nilikuwa nakwenda, nakaa kwenye benchi letu na Mama, lakini wimbo ukianza nilifunga mdomo. Nakwambia hivi bila kupamba kwa sababu maombi ya kupamba hukuyapenda. Kwa nini Mama alipona na wewe hukupona, sijui mpaka leo, na mchungaji nilipomuuliza alisema naye hajui. Jibu lake lilinisaidia kuliko mahubiri. Ninachojua ni kwamba walikuja. Walikugeuza kitandani, walikuosha, walikusomea zaburi ulizozipenda, na Mama Zuhura alitupikia mpaka tulipomaliza matanga.

Sasa juzi. Mchungaji alinipigia simu nikiwa hapa hapa, akaniuliza, "Binti wa Mzee, wewe uko upande gani?" Nikamjibu bila kufikiri, wa kula. Watu wakaja, wakatoa. Ikabaki zamu yangu, mtumishi wa maabara akaniuliza kama nimekula.

Sikuwa nimekula. Si kwa kufunga. Nilikuwa nimenunua chai ikapoa mkononi, nikanunua chapati nikaishika tu. Yona alikuwa kwenye meza ya upasuaji na mimi nilikuwa nashindwa kitu ambacho hata mtoto anakiweza. Nilikaa kwenye benchi hili nikakuita kwa sauti, watu wakageuka.

Mama akafika na hotpoti. Ugali wa muhogo, dagaa wa mawese. Akafunua, akaninawisha, akasema, "Kula."

"Haupiti, Mama."

"Hata baba yako haukumpita. Aliusukuma."

Nikausukuma. Sikuomba kwa maneno yangu, niliyachukua yako jinsi yalivyo, ila moyoni niliyemtaja ni Yona. Kila tonge lilikuwa zito. Mama alikaa pembeni akinitazama mpaka sahani ikaisha, halafu akafunika hotpoti yake na kuniambia niende. Nilipolala pale maabara na kunyoosha mkono, nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba siku ile hukuwa umeshinda woga wako. Ulikula nao.

Yona ametoka chumba cha upasuaji. Mguu umewekewa chuma. Daktari anasema tungoje, lakini vidole vina joto na anaweza kuvichezesha. Bado naogopa, sitakudanganya. Kama atatembea vizuri au atachechemea, hakuna anayejua.

Leo asubuhi waliniruhusu kuingia. Alifumbua macho, akaniangalia usoni, akaona plasta kwenye mkono wangu. Nilidhani atauliza kuhusu mguu wake. Akaniuliza, "Umekula?"

Nililia kwa sauti, nesi akanitoa nje. Ndiyo maana niko kwenye benchi hili.

Mwambie huyo uliyenaye huko kwamba nikirudi Bangwe nitaimba. Sauti imekwaruza kwa kukaa kimya muda mrefu, anivumilie. Na wewe usikae na wasiwasi juu yetu. Mama amerudi na hotpoti nyingine, anaifunua sasa hivi, na leo sihitaji kusukumwa.

Mimi binti yako, wa kikosi chako