Jina Langu Lilisomwa Langoni

Jumapili, 9 Novemba 2025

Mahema yameagizwa. Ng'ombe amechaguliwa. Tarehe thelathini mume wangu Okemwa atamshukuru Mungu mbele ya Rongo nzima kwa kumaliza ualimu salama. Mwalimu mkuu anastaafu, na hakuna aliyewahi kumshtaki.

Sheila amepiga simu kutoka Kisumu. Ameniweka kwenye programu: Neno la Mke. Dakika tano tu, Mama. Nikamwambia baba yako ndiye hunisemea siku zote. Na ni kweli. Kila harusi, kila harambee, lazima asimame aseme, "Chuo kilimtupa huyu mama, mimi nikamwokota." Watu hucheka. Mimi pia hucheka. Leo nimemsikia akiijaribu tena sebuleni, peke yake, na kusimama kidogo pale watu watakapocheka.

Basi nimekaa nikiukumbuka mwaka wangu mmoja. Oktoba themanini na tisa, Nairobi. Sanduku la bati. Okemwa, mtu wa kwetu, alikuwa mwaka wa tatu, anasomea ualimu — alinibebea lile sanduku mpaka ghorofa ya tatu bila kupumzika. Ndani nikamkuta Metrine, msichana wa Bungoma, mrefu, sauti kama ya askari. Alikuwa amechukua kitanda cha ukutani, akaniachia cha dirishani. Kumbe sote wawili tulikuwa tumekuja kusoma jiolojia. Darasa lote la wanaume, sisi wasichana watatu tu!

Mwaka mmoja. Halafu chuo kikafungwa.

Jumanne, 11 Novemba

Niandike tu.

Nilipeleka sweta za shule Homa Bay. Nikamaliza mapema, nikaingia hoteli moja karibu na ziwa nile samaki. Mwanamke wa meza ya pili alikuwa ananitazama. Buti zenye matope makavu, kofia ya jua juu ya meza. Akasema, "Wewe si Bitutu wa jiolojia?"

Hakuna aniitaye Bitutu tena. Mimi ni Mama Sheila. Ni madam wa sare.

Metrine! Tulikumbatiana mpaka mhudumu akasimama na sahani zake akingoja tumpishe. Nywele zimekuwa nyeupe lakini sauti ni ileile. Anatafuta maji. Ndiyo kazi yake miaka yote — anapima ardhi, anaonyesha mahali pa kuchimba visima. Wiki hii yuko bonde la Lambwe. Akanieleza miamba ya huko, na mimi nikawa naelewa kila neno. Samaki wangu akapoa.

Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini nilikataa kurudi. Nikasema sikukataa. Chuo kilipofunguliwa sikuitwa.

Akaweka tonge chini.

"Bitutu, jina lako lilisomwa. Pale langoni mwa chuo, kwa kipaza sauti. Hukuitika, likasomwa tena. Okemwa akainua mkono akasema uko nyumbani na malaria, atakupelekea habari yeye."

Nikasema labda umechanganya. Akasema alikuwa amesimama naye bega kwa bega. Metrine siku hiyohiyo alipanda chumbani kwetu akanitandikia kitanda. Okemwa alipotoka kwetu akamwambia kwamba nimeamua kuolewa, kwamba sitaki tena habari za chuo, nisisumbuliwe. Metrine aliumia. Alisema basi, kama ametutupa, ametutupa.

Sikumbuki nilivyofika Rongo.

Jumatano, 12 Novemba

Nimepika. Amekula. Amesifu mboga.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimefunga duka mapema, Sabato inaingia. Wasichana wa cherehani wamekwenda. Nimebaki na vitambaa.

Nakumbuka mtihani uliowekwa Jumamosi. Nilimwendea mwalimu, mzee mkali, nikamwambia mimi ni Msabato, siwezi. Nilijua atanifukuza. Akaniambia nije Jumapili baada ya chakula, akakaa na mimi chumba kizima tukiwa wawili, yeye akisoma gazeti. Nilipata alama ya juu kuliko wote. Okemwa alipoona alisema, "Sasa utatusahau sisi watu wa chaki." Nilidhani anatania.

Nakumbuka safari ya darasa kwenye korongo la Njorowa. Mwalimu aliokota jiwe jeusi linalong'aa akauliza nani atalitaja. Wanaume wakainama kulitazama. Mimi nikasema ni obsidiani, ni lava iliyopoa haraka. Akanipa nyundo yake niende mbele. Nilitembea mbele ya wanaume wote siku ile, viatu vya kuazima, mchana kutwa. Metrine nyuma yangu akiimba. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Hata harusini. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Halafu Julai ya tisini. Moshi, polisi, watu wanakimbia na magodoro. Tukaambiwa twende makwetu, tupige ripoti kwa chifu kila wiki. Ilipotangazwa redioni kwamba tutaitwa kwa majina, nilikuwa kitandani, naona dari inazunguka. Okemwa akasema nipumzike, atakwenda kusikiliza kwa niaba yangu.

Aliporudi alikaa kwenye kigoda cha Mama, hakuinua macho. Akasema jina langu halikusomwa. Na wale ambao hawakusomwa, wakionekana langoni wanakamatwa, nisithubutu. Kisha akalia. Alilia! Nilitoka kitandani na homa yangu nikampa leso yangu ajifute. Nikamwambia usilie, Okemwa, Mungu yupo.

Mimi ndiye niliyembembeleza.

Jumapili, 16 Novemba

Nimemuuliza.

Alikuwa nyuma ya nyumba anakata majani ya ng'ombe. Nikasimama upande wa pili wa lundo nikasema, "Baba Sheila, jina langu lilisomwa?"

Hakuuliza jina gani. Hakuuliza lini wala wapi. Panga liliendelea kidogo, kisha likasimama. Akauliza ni nani aliyeniambia. Nikasema Metrine. Akafuta panga kwa majani, upande huu, upande ule. Nilidhani ataomba msamaha. Nilikuwa hata nimejiandaa kuusikia.

"Ni baba yako aliyetaka," akasema. "Aliniambia msichana wa kusomea mawe ataolewa na nani. Mzee akikuambia hivyo utafanya nini? Nilimtii."

Akabeba majani akaenda zizini.

Jumatatu, 17 Novemba

Baba. Hata wewe.

Jumanne, 18 Novemba

Siwezi kukata kitambaa sawasawa. Nimeharibu sketi mbili. Baba alikufa mwaka wa tisini na nane. Nitamuuliza nani?

Alhamisi, 20 Novemba

Nimekwenda kwa Mama. Macho yake yamefifia lakini masikio yanafanya kazi. Nikamkuta akipepeta wimbi kwa kupapasa tu. Nikamuuliza moja kwa moja, je, ni kweli Baba ndiye aliyekataa nirudi chuo.

Ungo ukatulia.

Mama akasema nani huyo ameleta neno hilo. Baba yako, akasema, alikuwa akibeba redio mpaka shambani asije akapitwa na tangazo. Alikwenda kwa chifu mpaka chifu akachoka naye. Halafu Okemwa akaja akamwita kando. Akamwambia kwamba ni mimi nimechoka na masomo. Kwamba nimeitwa, sitaki. Kwamba ninaona aibu kuwaambia wazazi, kwa hiyo nisiulizwe, nisije nikajidhuru.

"Basi hatukukuuliza," Mama akasema. "Baba yako aliizima ile redio. Akasema amelea mtoto asiyemjua."

Siku ya harusi Baba hakunitazama usoni. Nilidhani ananionea aibu kwa kufukuzwa. Miaka minane nilimpelekea chakula, nikamfulia alipougua, na hatukuwahi kulitaja. Yeye akidhani nilikitupa chuo. Mimi nikidhani nilitupwa. Tukila sahani moja! Na Okemwa amekaa katikati yetu, anaomba chakula kibarikiwe.

Mama akauliza mbona nalia. Nikamweleza yote. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu. Kisha akasema, "Angalau mimi nimeambiwa nikiwa hai."

Jumamosi, 22 Novemba

Sabato. Okemwa ndiye aliyeongoza lesoni ya Biblia kanisani. Sauti nzuri, kama kawaida. Nilikaa nyuma, si mahali pangu.

Tulipokuwa tunarudi nikamwambia nimetoka kwa Mama. Alielewa. Hakumtaja Baba tena. Akasema tusiiharibu siku ya watu, Sheila amejitahidi, wageni wameitwa, baada ya tarehe thelathini tutakaa tuongee kama watu wazima. Nikasema sisi ni watu wazima leo.

Tukatembea. Karibu na miwa ya jirani akasimama.

"Ningekuacha uende," akasema, "ungerudi kwangu?"

Hilo ndilo neno la kwanza la kweli alilosema tangu hii habari ianze. Nimeliwaza mchana mzima. Jibu ni kwamba sijui. Pengine ningerudi. Nilimpenda, yule kijana wa kubeba sanduku. Pengine ningempata mtu wa Bungoma, au nisiolewe kabisa, nizeeke na buti zenye matope. Sijui! Lakini ilikuwa yangu kujua.

Jumanne, 25 Novemba

Sheila tena. Anataka nimtumie maneno yangu ayapige chapa vizuri. Nikamwambia nitayasema yatakavyokuja. Akacheka, akasema Mama usituaibishe. Sijamwambia. Mtu anaanzaje kumwambia mtoto kwamba yeye mwenyewe amezaliwa ndani ya jambo hili? Nampenda Sheila. Ningeulizwa nichague, singejua niseme nini, na hilo pia linanikasirisha.

Nimempigia Metrine. Nikamwalika Jumapili. Akauliza kama nina hakika. Nikasema njoo ule tu. Hakuna zaidi.

Alhamisi, 27 Novemba

Suti imetoka kwa fundi. Ameniuliza kama inamkaa vizuri mabegani. Inamkaa.

Jumapili, 30 Novemba

Niko chumbani. Ibada ilikuwa ianze saa nne na sasa saa nne imepita.

Nimeona kila kitu dirishani. Okemwa alikuwa mlangoni mwa hema anapokea wageni, anacheka na kila mmoja. Pikapu ikaingia, Metrine akashuka. Amevaa gauni la kitenge, amejipamba. Akampa mkono. Okemwa akaupokea akicheka vilevile, hakumtambua. Ndipo Metrine akasema kitu. Kifupi. Sikusikia, lakini nilimwona Okemwa akiacha kucheka huku mkono wake ukiwa bado umeshikwa.

Metrine amekwenda kukaa karibu na Mama, mstari wa mbele. Mama amemshika mkono.

Okemwa ameingia, amefunga mlango. Akauliza, "Umemwita wewe?" Nikasema ndiyo. Akauliza anataka nini. Nikasema hataki kitu, amekuja kula. Akauliza nitasema nini huko nje. Nikasema sijaandika. Ndiyo nikachukua daftari hili, kwa sababu nisingelichukua ningelia, na sitaki kulia mbele yake tena.

Ameketi ukingoni mwa kitanda. Amevua koti la suti, ameliweka magotini kama mtu anayengoja daktari. Amezeeka tangu asubuhi. Kwaya inaimba wimbo wa tatu, wanavuta muda.

Akasema, "Niambie niseme nini, nitasema."

Miaka hii yote hajawahi kuniuliza aseme nini.

Nimemwambia aanze na Mama. Aende pale mstari wa mbele, apige magoti, amwambie mwenyewe habari ya Baba, kwa mdomo wake, Sheila akisikia. Baada ya hapo kama kuna sherehe itaendelea.

Mchungaji Makori amebisha mara ya pili, anasema watu wako juani, Mwalimu kuna shida? Okemwa ananitazama nimjibie. Nilikuwa nimeshafungua kinywa — ni mazoea.

Nimekifunga, ajibu mwenyewe. Naandika. Anavaa koti, mkono mmoja umeingia, wa pili anautafuta, na Mchungaji anabisha tena —