Tofali Lisilo na Simiti

Mwalimu Otieno,

Tumekuzika Jumamosi iliyopita, na tangu nirudi Eldoret sijasahihisha hata daftari moja. Niko hapa stafrumu, kwenye meza iliyokuwa yako, nakuandikia kwa kalamu nyekundu kwa sababu ndiyo iliyo mkononi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinichapa nayo? Ulikuwa umeniingiza kwenye ule mchezo wako wa kuficha vikopo. Tunaweka namba za ramani mtandaoni, watu tusiowajua wanakuja kutafuta na kifaa cha setilaiti. Chini ya namba tunaandika kidokezo, kwa yule aliyefika na bado haoni. Mimi nikaandika, "Karibu na mti mkubwa." Ukanipa mbili kwa kumi. "Mwalimu Jerotich, Uasin Gishu yote ni miti. Huyu mtu amezunguka mpaka amechoka. Mwonee huruma, mwandikie kitu mkono wake utagusa."

Halafu matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, na kwa siku moja watu wakasahau kwamba wewe ni mwalimu wa jiografia, wakakumbuka tu kwamba umetoka ziwani, si wa kabila la hapa. Ulitoroka nyumbani kwako mtaa wa Kimumu na familia yako, na nguo za mwilini. Kutoka kituo cha polisi mlikolala ukanitumia meseji. Ulikuwa umeficha kopo pale nyumbani, ndani mna vyeti vyako na ile picha moja tu ya mama yako, aliyefariki ukiwa unanyonya. Ukaniomba nikuchukulie. "Nyuma ya nyumba. Mguu wa tangi la maji ulio karibu na uzio. Tofali la chini halina simiti. Livute."

Nilikujibu baada ya siku mbili. "Nimetafuta nimekosa. Kidokezo chako hakieleweki."

Otieno, sikwenda. Sikutoka hata getini. Yale matofali nilikuwa nimeyaegemea mara ngapi, tukinywa chai ya mkeo Achieng? Na kizuizi cha barabarani kilikuwa cha vijana wa kwetu, kaka yangu Kiprono akiwemo. Kama kuna mtu angepita, ni mimi. Lakini walikuwa wakifungua mikoba na kuuliza vitu ni vya nani, nami niliogopa kutaja jina lako mbele ya ndugu yangu. Hiyo ndiyo sababu. Nimeitafutia nyingine miaka yote hii, sijaipata.

Wewe ukanijibu, "Pole sana Mwalimu. Nimekuhangaisha. Niliandika kwa haraka." Mkapakiwa kwenye basi kwenda Kisumu. Ukazungushwa maofisini kwa ajili ya vyeti, na kila tukiongea kwa simu ulirudia ile pole. Nami niliipokea. Ukaacha kabisa kuandika vidokezo, ukasema huna mkono huo tena.

Nina hasira na wewe pia. Kwa nini uliniamini upesi hivyo? Ungenigombeza. Ungesema, Jerotich, wewe hukwenda.

Kiprono siku hizi ni mzee wa kanisa, ananunua mahindi kule Moi's Bridge, na hakuna anayemuuliza kitu. Nyumba yako haikuchomwa. Waliingia watu wengine, tangi likabaki palepale, nami nikawa napita hapo kila asubuhi nikitazama upande mwingine. Hata utulivu uliporudi sikulichukua kopo. Ningekuletea lile kopo, ningekuambia nimelipataje? Mwishowe mwenye ploti akabomoa kila kitu akajenga fleti.

Kwenye mazishi Achieng alinishika mkono. "Alisema ukija nikuombe msamaha tena, kwa kile kidokezo." Nikamjibu, "Si kitu, Mama Akinyi." Si kitu. Nilisema hivyo jeneza lako likiwa pale mbele yangu.

Jumamosi hii narudi Kisumu. Nitawasomea Achieng na watoto wako barua hii, bila kuruka mstari. Akinifukuza, nitakuwa nimestahili. Picha ya mama yako siwezi kuirudisha, lakini hawatakaa wakidhani ulikosea wewe.

Pumzika, Mwalimu. Kidokezo chako nimekisahihisha leo. Kumi kwa kumi. Mtoto wa darasa la pili angelipata lile tofali.

Jerotich