Fomu Nilizomjazia Shangazi

Ijumaa, Mjambere. Manyunyu tangu alfajiri, na nguo za jana bado mbichi kambani.

Sauti iliyobaki nami ni ya nazi ikikunwa. Krr, krr, kimya kidogo Shangazi Dama anapogeuza kifuu, kisha krr tena. Kila Jumamosi alikaa uani juu ya mbuzi yake ya kukunia, nami nikichutama mbele yake, kiganja wazi, kungoja nazi ya kwanza.

“Mama, umenawa?”

“Abee, nimenawa.”

Aliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la Bibi, aliyemzaa. Kwetu ndivyo ilivyo: ukibeba jina la mtu, wanawe ni wanao. Bibi alikuwa akicheka mlangoni: “Dama, mwogope mamako huyo. Mie sina tena nguvu za kukuchapa.”

Wiki jana mahakama ilimtia Shangazi hatiani. Alimuua Bibi, na kabla mwaka haujaisha akamuua Baba mdogo Charo, ndugu yake wa tumbo moja. Sumu kwenye uji. Alitaka pesa za bima.

Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu nikaifuta. Leo naiacha.

Ninalolionea aibu ni kwamba namkumbuka kwa mapenzi. Nikipita jikoni mwa jirani nikasikia nazi ikikunwa, miguu inasimama yenyewe.

Na kuna jambo sikuwahi kumwambia mtu.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, Shangazi alikuja na fomu mbili za bima. Nyumbani kwetu kila karatasi yenye visanduku ililetwa kwangu. “Jaza wewe, Mama. Mwandiko wangu mimi kama kuku kaparura.” Nikajaza ya Charo, kisha ya Bibi. Jina la mwenye kukatiwa bima: jina la Bibi, jina langu.

“Bibi anajua?” nikauliza.

“Nimwambie nini? Ni ya mazishi. Atadhani namtakia kufa.”

Nikaona kweli. Nani kwetu huzungumza mazishi ya mzee naye yuko hai, anakusikia? Nikafikiri kunyamaza ni adabu. Nilijisifu hata kwa jinsi herufi zilivyokaa ndani ya visanduku.

Fomu zilipoonyeshwa mahakamani, hakuna aliyeuliza ni mwandiko wa nani. Niliketi kando ya Baba, mikono nimeificha chini ya mtandio.

Juzi afisa wa probesheni alinipigia simu. Kabla jaji hajatoa adhabu anataka neno kutoka kwa familia, na Shangazi ametaja jina langu. “Amesema mama yake atamwandikia,” akaniambia, kama mtu asiyeelewa alichotumwa.

Leo asubuhi Baba alikuwa anapiga pasi shati lake la kazi, la bandarini.

“Baba, zile fomu nilijaza mimi.”

Akaisimamisha pasi. “Najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu ziliposhikwa juu mahakamani. Nani mwingine humu huandika g yenye mkia mrefu vile?” Akageuza kola, akaendelea. “Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Sasa kunywa chai, inapoa.”

Nililia ndani ya kikombe. Yeye akajifanya hakuona.

Alipoondoka nikaandika barua. Niliandika kwamba Shangazi alinilea, kwamba nazi ya kwanza ilikuwa yangu siku zote, kwamba aliwaua Bibi na Charo, na kwamba sijui niyaweke wapi haya mawili. Niliandika kwamba fomu nilijaza mimi na Bibi hakuambiwa. Sikuomba apunguziwe hata siku moja. Sikuomba aongezewe.

Chini nikaandika jina langu, polepole, herufi moja baada ya nyingine. Kisha nikajifunika mtandio kwa manyunyu, nikaipeleka kwa yule afisa kwa mkono wangu, nikasimama pale dirishani pa ofisi yake mpaka ikagongwa muhuri.