Maneno Niliyobeba Mofu

Mjukuu wangu Neema,

Huku Lipangalala tu wazima, babu yako tu na kikohozi chake. Umeuliza kama mwanao wa miaka mitano anajua kuwa wewe na mumeo mmenuniana. Anajua.

Nikiwa na umri huo, tukiamia ndege wasile mpunga shambani Mofu, wazazi wangu waliacha kusemeshana, wakawa wananituma mimi. Baba akisema, "Mwambie mama yako sitaki chakula chake," mimi nilifikisha, "Baba anashukuru." Niliogopa nikikosea neno moja, mmoja wao ataondoka.

Siku walipocheka tena pamoja mbele yangu, nililala dunguni, kwenye kichanja cha kulindia shamba, mchana kutwa. Ndege wakala mpunga. Mama hakunichapa, alinifunika khanga yake.

Basi mkipatana, msijifiche. Mwanenu naye alale.

Bibi yako