Mfalme Alisema Nini

Jumanne, baada ya kufunga kibanda

Nimechoka na mfalme yule, yeye na joka lake.

Leo nilishika maikrofoni kama kawaida, nikiwatafsiria watu wa mtaa wetu wa Hai Cinema tamthilia ya Kiingereza kwenye kibanda chetu cha video. Mfalme aliletewa wafuasi wa makamu wake aliyemwasi, wamefungwa kamba. Akasema wauawe wote.

Niliangalia mabenchi. Tangu risasi za mwezi jana kati ya askari wa rais na wa makamu wake, watu hawakai tena ovyo ovyo, kila mmoja anachagua jirani. Nikaogopa. Nikasema, "Mfalme anasema waende nyumbani."

Punde si punde joka likawachoma.

Ubishi ukawaka. Wa mbele walisema askari wamevunja amri. Wa nyuma walisema mfalme ni mwongo, alijua tangu mwanzo. Nusura wapigane, na kosa ni langu.

Mama Keji, anayetuuzia chai mlangoni, alingoja watu watoke. Mwanawe alichukuliwa na askari usiku ule wa risasi, hajaonekana hadi leo.

"Okello, wewe unajua Kiingereza," akaniuliza polepole. "Nani alitoa ile amri?"

Nikamwambia jenereta ilipiga kelele, sikusikia.